Kitako cha Wakia Kumi na Saba

Vitako vitatu vya bunduki vilikuwa vimelala juu ya benchi la Marit Brekke, na kaka yake Nels alikwisha kuvipima mara nne kwenye mizani ya jikoni, utadhani mara ya tano vingepungua kwa kuona haya.

Cha kwanza kilikuwa cha mti wa mjozi, kizuri cha kutazama, kizito cha kuvunjia mlango. Cha pili kilikuwa cha faiba, ratili mbili kamili, na nyuma yake kina raba nene ya kumeza teke la bunduki inapolia. Cha tatu kilikuwa cha kaboni, cheusi, kitupu ndani, wakia kumi na saba tu. Ukikigonga kwa kucha kinalia kama debe.

"Nataka hiki," Nels akasema, akakinyanyua kwa vidole viwili.

"Hicho kitakupiga mpaka ujute kuzaliwa," Marit akamjibu. "Mimi ndiye niliyeiunda hiyo bunduki, kaka, naijua. Risasi zake magnamu mia tatu, zile kali, mtutu mwembamba, komeo nimelichimbachimba mpaka limebaki mifupa. Uzito wa kitako ndio unaolishika teke. Ukiutoa, teke lote linakuja begani kwako."

"Bega langu halina shida. Magoti ndiyo yana shida."

Hapo alisema kweli. Nels alikuwa na miaka hamsini na tisa. Tangu akiwa na thelathini na mbili alikuwa anaomba kibali cha kuwinda kondoo dume wa milimani, na kila mwaka jimbo la Wyoming likimjibu hapana, jaribu tena. Mwaka huu jina lake lilitoka. Ukishamuua mmoja hupewi tena maisha yako yote. Na goti lake la kushoto lilishapangiwa kupasuliwa Novemba. Basi ni dume mmoja, Septemba hii, au ndiyo imetoka.

Wawindaji kondoo wa kwetu wana wazimu wao, usiombe uoe katika ukoo wao. Wanakata mpini wa mswaki. Wanachana lebo za nguo za ndani. Nels alikuwa ametoa hata bomba la karatasi katikati ya karatasi za chooni, akalipima, akamwambia Marit kwa fahari kwamba ameokoa robo wakia. Jioni ile ile akala pai zima la tufaha peke yake.

Kwenye kiti cha karibu na jiko alikaa baba yao, Osvald, miaka themanini na tano, nyonga zote mbili za chuma, mikono bado mipana kama sepeto. Alikuwa anakunywa kahawa na kusikiliza kila neno.

"Mfungie hicho chenye raba," mzee akasema. "Ndicho cha kina bibi."

"Baba, nyamaza," Marit akasema.

"Ninyamaze kwa lipi? Mwanaume mzima anaogopa mlio. Mfungie na mto wa kulalia kabisa."

Nels shingo ilimwiva nyekundu, akakitazama kile kitako cha kaboni kana kwamba kina maandishi.

Marit alitaka kitu kimoja tu katika jambo lile: kaka yake amwangushe dume wake kwa risasi moja, safi, ashuke mlimani na furaha yake. Na alijua kinachoweza kuiharibu. Nels alikuwa na mshtuko. Kidole kikianza tu kuvuta triga, kabla bunduki haijalia, macho yanafumba na bega linaruka mbele, na risasi inakwenda inakotaka. Hawakuwa wamelitaja jambo hilo, yeye na kaka yake, kwa zaidi ya miaka arobaini.

Ila Marit alikuwa na sheria ya kazi, na sheria haikuwa na ndugu. Hakuna bunduki iliyotoka katika karakana yake kabla mwenye bunduki hajapiga risasi tano mbele yake. Marit ndiye aliyempakilia, moja moja, akimgeuzia mgongo. Na katika zile tano, moja ilikuwa risasi bubu: kwa nje kama nyingine, ndani haina baruti wala fataki. Hapo ndipo mtu anapojulikana. Bunduki isipolia, mshtuko unabaki mtupu, kila mtu anauona. Wanaume wakubwa, masherifu, makasisi, wote walishaaibika kwenye ile meza ya shabaha na wakacheka wenyewe, na Marit akawabadilishia kitako. Alikwisha kuifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, akaifanya na siku ile bila kufikiri zaidi. Na ndilo kosa lake, maana kwa huyu mmoja alipaswa kufikiri.

Akafunga kitako cha kaboni kwa majaribio tu, wakaenda uwanja wa shabaha nje ya mji. Mzee alikataa kubaki. Akakaa kwenye gari, kioo kimeshushwa, dirisha liko hatua kumi kutoka kwenye meza.

Risasi ya kwanza, bunduki iliruka kama nyumbu aliyechomwa. Darubini ya bunduki ikampiga Nels kwenye nyusi ikampasua, damu ikamchuruzika hadi kidevuni.

"Hamna kitu," Nels akasema, akajifuta kwa mkono wa shati. "Lete nyingine."

Ya pili ikapiga shubiri nzima chini ya duara la shabaha. Marit akamgeuzia mgongo, akatia ile bubu, akafunga komeo.

Nels akavuta. Tk.

Jamani. Mtutu ulizama mpaka ukagonga meza. Bega lilirukia mbele, meno yalikenuka, macho yalifumba kwa nguvu mpaka uso mzima ukajikunja, na pale palikuwa kimya kabisa, hata upepo haukuvuma. Mwanaume wa miaka karibu sitini amejikunja mbele ya kitu ambacho hakikutokea.

Ndani ya gari mzee akaangua kicheko.

Na Marit naye akacheka.

Hakutaka. Kilimtoka chenyewe, kicheko chembamba cha mtoto, na alipokisikia alijua kilikotoka. Alikuwa na miaka sita, Nels kumi na moja. Kila Jumamosi, nyuma ya zizi, baba yao alikuwa akiipakia bunduki kwa siri, moja ya kweli, moja bubu. Mtutu ukizama, ile sepeto ya mkono inatua kisogoni kwa Nels. Pa! Tena. Pa! Siku nyingine mtoto alipigwa mpaka damu ikamtoka puani ikadondokea kwenye mbao, na mzee alikuwa akimgeukia binti yake na kusema, mcheke, mcheke huyo mwoga. Na Marit alikuwa akicheka, maana aliyecheka hakupigwa.

Nels aligeuka bila kuinuka. Mgongo wa mkono wake ukampata Marit mdomoni kwa nguvu zote, akaenda chini na kiti juu yake, mdomo umepasuka, jino la mbele limelala kwenye ulimi. Alilitema mkononi. Alilitazama kwanza kama jino la mtu mwingine, kisha maumivu yakaja.

"Hapo!" mzee akapiga kelele kutoka garini. "Hapo sasa ndiyo nauona mkono wa Brekke!"

Nels aliutazama ule mkono. Kisha akaenda mbio kwenye gari, kwa goti lile lile bovu, akamkamata mzee ukosi wa koti kupitia dirishani, akamvuta mpaka kifua kikabanwa kwenye mlango na kofia ikaanguka.

"Sema tena," alisema. "Sema tena, we mzee, nikutoe roho hapa hapa."

"Piga basi," mzee akasema kwa kukwama pumzi, na bado alikuwa anacheka. "Piga, ila usifumbe macho."

Ngumi ikapanda. Marit akapiga yowe kwa mdomo wake uliojaa damu. Ngumi ikashuka kwenye mlango wa gari, mara moja, mara mbili, mara tatu, bati likabonyea na ngozi ya vifundo ikabaki pale. Kisha Nels akamwachia baba yake, akarudi akaiokota bunduki.

"Kifunge hiki hiki," alimwambia dada yake bila kumtazama. "Cha kaboni. Kigundishe kabisa."

Marit alijua jibu lake ni hapana. Alijua kwamba cha faiba, na wiki mbili za mazoezi ya taratibu, vingeweza kumsaidia. Lakini angemwambiaje, yeye aliyekwisha kumcheka? Na Nels naye angekichaguaje cha raba, mzee anamtazama?

"Sawa," Marit akasema, leso mdomoni.

Usiongee nami habari ya uzito. Kitako hakichaguliwi kwa mizani peke yake, na waliokuwa pale wote watatu walijua hivyo.

Walipanda mlimani wawili tu, kaka na dada, tarehe nane Septemba. Nels alikuwa amekuja karakana siku tatu baada ya ule mkasa, akalia, akaomba radhi, akalipa gharama za daktari wa meno, na Marit akasema yameisha. Hayakuwa yameisha, ila ndugu husema hivyo. Marit alimbebea hema na chakula, ili yeye abebe bunduki tu na maji.

Siku ya tatu walikuwa wamelala kifudifudi juu ya kilele, saa tano asubuhi, wakipekua mabonde kwa darubini za macho. Kambi ilikuwa nyuma yao, mwendo wa saa tano.

"Nels," Marit akasema, jicho bado kwenye darubini. "Siku ile nilicheka. Na zile siku nyingine pia, nyuma ya zizi. Nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa mtoto wa miaka sita."

"Siku ile mezani nina hamsini na nne."

Nels akashusha darubini. "Nilikuwa nafurahi unapocheka," akasema. "Zamani zile. Nilikuwa nasema moyoni, bora huyu hapigwi. Sasa nyamaza, unanifukuzia kondoo."

Marit akatabasamu, pengo likapigwa na baridi. Kisha akauliza, kwa kuuliza tu, "Umebeba risasi ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Wewe una akili timamu?"

"Kila moja karibu wakia nzima. Sanduku liko kambini. Kondoo mmoja anataka risasi moja, dada, hizo mbili nyingine ni za kiburi."

Alitaka kumjibu, lakini dume akatokea.

Alitoka nyuma ya mwamba peke yake, mpana, mzee, pembe zimezunguka uso mzima na ncha zake zimesagika. Mita mia mbili na kumi. Akasimama ubavu wazi, akachungulia bondeni, kama mwenye nyumba anayetazama barabara. Miaka ishirini na saba ya maombi ilikuwa imesimama pale.

"Pumua," Marit akanong'ona. "Vuta taratibu. Usiisubiri."

Bunduki ikalia. Vumbi likaruka chini ya tumbo la dume. Dume akaruka hatua mbili, akasimama, hajui sauti imetoka wapi. Nels alikuwa akitokwa na damu tena, pale pale kwenye nyusi.

"Tulia. Bado amesimama. Tulia."

Ya pili ilimpata kwenye nyonga. Walisikia, nakwambia, walisikia mfupa ukivunjika, mlio wa tawi kavu. Nyuma yote ya mnyama ikaanguka, mbele ikabaki imesimama, akaanza kujikokota kwa miguu miwili kuelekea ukingoni, akiacha mchirizi juu ya mawe meupe.

"Mpige! Mpige tena, Nels, kabla hajafika ukingoni!"

Nels alikuwa anahema kama mtu anayezama. Macho yake, Marit aliyaona, yalifumba kabla ya mkono. Ya tatu iling'oa taya. Kipande cha taya la chini kilining'inia kwa ngozi, na dume akavuka ukingo akaporomoka, mawe nyuma yake.

Risasi zikawa zimekwisha. Saa tano kwenda kambini, saa tano kurudi.

Walikimbia mpaka ukingoni. Mita kumi chini, kwenye rafu ya jiwe isiyozidi upana wa meza, dume alikuwa amekwama, hai, kichwa juu, ulimi unaning'inia mahali palipokuwa na taya. Kondoo wa milimani halii. Hakutoa sauti yoyote. Alikuwa anapumua tu, na kila pumzi ilitoa povu jekundu.

"Nipe kisu," Nels akasema.

"Utakufa huko. Ana ratili mia mbili na hamsini, na kichwa bado kinafanya kazi. Tungoje, atakufa mwenyewe."

"Kwa muda wa saa ngapi? Saa sita? Mpaka kesho?" Uso wake wote ulikuwa damu na machozi. "Mimi ndiye niliyemfanya hivi. Nipe kisu, Marit."

Akampa. Nels aliteremka kwa makalio, buti zikitafuta mawe, goti likimgomea, na Marit akamfuata, maana angefanya nini? Dume aliwangoja. Nels alipokanyaga tu ile rafu, kichwa kikashuka, ile miguu miwili mizima ikasukuma, pembe zikampata ubavuni zikambandika kwenye mwamba. Mbavu zikavunjika. Marit alizisikia kama alivyoisikia ile nyonga. Nels akafungua mdomo na sauti haikutoka.

Pembe zikarudi nyuma kupiga tena. Nels akaikumbatia moja kwa mkono wa kushoto, akaning'inia kwayo kwa uzito wake wote, na Marit akaudaka mkanda wa suruali yake, akakita visigino kwenye ufa wa jiwe. Chini ya miguu yao palikuwa na hewa tu. Kisu kikaingia shingoni, kikagonga mfupa, kikateleza. Kikaingia tena. Dume akamrusha huku na huku kama zulia, damu ikawajaa machoni, mdomoni, mikononi mpaka kila kitu kikateleza. Mara ya tatu Nels aliusukuma mpini kwa kiganja mpaka vidole vyake vikazama kwenye manyoya, akauzungusha.

Haikuwa haraka. Mtu akikuambia ni haraka hajawahi kufanya. Uso wa Nels ulikuwa shubiri moja kutoka uso wa yule mnyama, na jicho la njano lilikuwa likimtazama, na yeye alikuwa akilitazama. Marit aliona vizuri kutoka pembeni, wala hakupepesa. Macho ya kaka yake yalikuwa wazi, wazi kabisa, tangu mwanzo mpaka lile jicho la njano lilipobaki jicho tu.

Kisha pakawa kimya. Nels alikaa chini taratibu, mgongo kwenye mwamba, ile pembe bado mkononi. Marit akamfungua koti, akampapasa mbavu, tatu, labda nne, akachana shati lake mwenyewe amfunge. Moyoni alikuwa na kitu kinachofanana na furaha, aibu juu yake, maana alikuwa ameona kile ambacho hakuna mtu wa nyumba yao aliyewahi kukiona. Alitaka kumwambia. Alitaka ashuke mlimani akamwambie na yule mzee, mbele ya watu.

"Hukufumba macho," akamwambia. "Kaka, nimekuona. Hata mara moja hukufumba."

"Najua," Nels akasema.

Akautazama mkono wake uliokuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Akajaribu kuufunga na kuufungua.

"Afadhali ningefumba," akasema.

Akaanza kulia, kwa uangalifu kwa sababu ya mbavu, akiuma meno kila pumzi inapomchoma. Marit akakaa karibu naye kwenye ile nafasi ndogo iliyobaki, akamshika kisogo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayeshika kitu chenye moto. Nels alijikunja mara moja, macho yakamfumba, akangoja pigo. Lilipokosa kuja akakilaza kichwa pale. Walikaa hivyo mpaka jua likageuka upande wa pili wa bonde, kisha Marit akachukua kisu akaanza kuchuna, kwa sababu nyama ilikuwa inaharibika.